Dada, spidi ya kushuka chini ya saa mbili unayo tayari

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mbezi Beach, nalifupisha. Ana miaka 34, kazi yake ni ya ofisini, anakimbia mara nne kwa wiki, jumla kilomita 28 hivi. Ameshakimbia nusu marathoni tatu: 2:11, 2:06, na ya mwisho hapa hapa Dar 2:04:40. Kilomita 10 amewahi kupiga kwa 53:10. Anaandika: "Kocha, kila nikifika kilomita ya 14 miguu inakuwa mizito kama nimefungiwa mawe, naishia kutembea na kukimbia. Nimejiandikisha nusu marathoni ya Kili Marathoni kule Moshi na nataka nishuke chini ya saa mbili. Nifanye mazoezi gani ya spidi?"

Dada yangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili, na kabla sijasema lolote kuhusu mazoezi nataka ukae uangalie namba zako mwenyewe ulizonitumia, maana jibu limo humo humo. Kwenye mbio ile ya mwisho, kilomita tano za kwanza ulizipiga kwa 26:40. Ukapita kumi kwa 54:20, kumi na tano kwa 1:24:00, ishirini kwa 1:57:10, ukaingia 2:04:40. Sasa zitenganishe: tano za kwanza 26:40, za pili 27:40, za tatu 29:40, za nne 33:10. Yaani tano za nne zimekula dakika sita na nusu zaidi ya tano za kwanza. Huyo sio mtu asiye na spidi. Mtu asiye na spidi hapiti kilomita kumi kwa mwendo wa kumaliza nusu marathoni kwa 1:54, na wewe ndo ulikuwa unakwenda hivyo mpaka mwili ulipokukatalia.

Saa mbili inataka nini hasa? Nusu marathoni ni kilomita 21.0975, ukigawa unapata 5:41 kwa kila kilomita. Kilomita 10 yako ya 53:10 ni 5:19 kwa kilomita. Kuna hesabu makocha tunaitumia sana kukadiria mbio ndefu kutoka kwenye mbio fupi, kutoka kilomita kumi kwenda nusu marathoni unazidisha muda wako kwa 2.2 na chembe, na kwako inatoa kama 1:57. Ila hesabu ile ina sharti lake, inamhusu mtu aliyejiandaa kwa ule umbali mrefu. Wewe umejiandaa kwa kilomita kumi halafu ukaenda kukimbia ishirini na moja. Zile dakika saba na ushee kati ya 1:57 na 2:04:40 ndo deni lako, na deni hilo ni la ustahimilivu na la kuanza kwa pupa. Spidi haimo.

Kwa hiyo swali lako kama ulivyoliuliza, mazoezi gani ya spidi, nakujibu kwamba karibu hakuna. Najua sio ulichotaka kusikia.

Tuanze na kile ulichokitaja kama kitu kidogo tu, kwamba siku zote nne unakimbia kwa 5:50 mpaka 6:00 kwa kilomita na unarudi nyumbani umechoka vizuri. Hapo ndo penye tatizo lenyewe. Huo mwendo kwako ni wa katikati, mkali mno kujenga msingi na mlaini mno kukufundisha mbio, na ukiurudia mara nne kila wiki mwili unabaki na uchovu usioisha huku hauongezi kitu. Mimi mwenyewe kwenye nusu marathoni nilikwama 1:34 misimu miwili mizima, kila siku natoka nabana, nikirudi nimelowa chapachapa najiona nimefanya kazi, na mguu wa kulia unauma mfupa wa mbele kuanzia Machi mpaka Juni. Mzee mmoja aliyekuwa anatufundisha Moshi akanitazama wiki moja tu akaniambia, kijana, wewe kila siku unakimbia mashindano, siku ya mashindano utakimbia nini? Akanipunguzia mwendo nikaona kama ananidharau. Msimu uliofuata nikapiga 1:29.

Siku zako za kawaida nataka ukimbie 6:45 mpaka 7:15 kwa kilomita. Ndio, saba. Na kuanzia Desemba mpaka Machi, Dar ikiwa na lile joto la unyevu ambalo jasho halikauki mwilini linatiririka tu, hata 7:30 ni sawa kabisa, maana jasho lisipokauka halikupoozi, na moyo unafanya kazi ya ziada kupeleka damu kwenye ngozi wakati miguu nayo inaitaka damu hiyo hiyo. Usiitazame saa sana. Unakumbuka mchakamchaka wa shule? Mlikuwa mnakimbia na kuimba kwa wakati mmoja, mmoja anaanzisha wengine wanaitikia, na hakuna aliyekuwa anakosa pumzi ya kuitikia. Mwendo ule ule ndo ninaoutaka. Ukiwa na mwenzio uweze kumsimulia kisa kizima bila kukatisha sentensi, ukiwa peke yako jaribu kuimba ubeti mmoja, ukishindwa kuumaliza punguza.

Watu wananiuliza sasa kukimbia polepole kunanifanyaje niwe mwepesi. Ni hivi, ukikimbia kwa utulivu muda mrefu, misuli inaongeza vile vinu vidogo vya kuzalisha nguvu, mitokondria, inaongeza mishipa midogo ya damu inayofika kwenye kila nyuzi, na mwili unajifunza kuchoma mafuta zaidi na kubania ule wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini. Akiba ile ya wanga ni ndogo, kwa mtu anayekimbia kwa nguvu inaweza kumfikisha saa moja na nusu mpaka mbili hivi halafu basi, na ukianza kwa pupa inakwenda haraka zaidi. Wewe kilomita ya 14 unaifikia kwenye saa moja na dakika kumi na nane hivi. Mawe unayosema umefungiwa miguuni yanatoka huko, akiba inakatika na misuli yenyewe haijawahi kuzoea kufanya kazi muda huo wote, vitu viwili kwa pamoja.

Na ndo maana kitu cha pili nakuomba ni mbio ndefu ya wikiendi. Umeniambia mazoezini hujawahi kupita kilomita 13. Sasa mtu ambaye mwisho wake ni 13 anapataje mshangao miguu ikigoma 14? Miguu inakwambia ukweli tu. Anzia hizo hizo 13, wiki ijayo 14, kisha 16, halafu wiki ya nne rudi chini mpaka 12 upumzike, upande tena 16, 18, ushuke 14, uende 19. Ile ya kushuka usiiruke hata kama unajisikia una nguvu za simba, kwa sababu mapafu na moyo vinazoea haraka lakini kano na mifupa vinachelewa, na wengi wanaoumia wanaumia pale pale wanapojisikia vizuri kuliko siku zote. Kilomita 18 kwa mwendo wa saba ni saa mbili na dakika sita. Umeona? Utakuwa umekaa barabarani muda mrefu kuliko mbio yenyewe, mwili utakuwa unajua saa mbili zikoje kabla hujavaa namba ya kifuani.

Njia unayo nzuri tu, ukitokea kwenu kwa barabara ya zamani ya Bagamoyo kupitia Kawe mpaka ufukwe wa Coco, ukitaka kuongeza unavuka Daraja la Tanzanite na kurudi, ukichoka bajaji zipo. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, ila sio peke yako gizani, hili nakusihi kama mdogo wangu. Tafuta mwenzio au grupu, kimbieni mkiyakabili magari na sio kuyapa mgongo, na mjihadhari na bodaboda zisizo na taa zinazopita upande wowote zinaoutaka. Ila grupu nazo zina mtihani wake. Jumamosi kila mtu ana nguvu, watatu wa mbele wanaanza kushindana kimya kimya, mnajikuta wote mnapiga 5:40 kwenye siku ya kupumzika. Waache waende. Utawakuta.

Siku ya mbio kali iwe moja tu kwa wiki, weka Jumanne au Jumatano, mbali na mbio ndefu. Unapasha mwili dakika 15 kwa mchakamchaka, halafu unapiga dakika nane kwa 5:25 mpaka 5:30, unakimbia taratibu dakika mbili, mara tatu. Unapaswa kuweza kutamka maneno matatu manne lakini sio hadithi, na ukimaliza ubaki na hisia kwamba ungeweza kuongeza raundi moja. Ukimaliza umelala chini ya mwembe umezidisha. Baada ya wiki tatu fanya dakika kumi mara tatu, baadaye 15 mara mbili, na wiki za mwisho dakika 30 mfululizo. Mwendo huo unakufundisha kubana bila kupasuka, na ukija kwenye 5:41 utaona kama umeshushiwa mzigo. Siku moja ya zile nyepesi mwishoni ongeza mikimbio sita ya sekunde 20 kwa wepesi, mgongo umenyooka, miguu inagusa na kuondoka, sio fulu spidi. Hiyo ndo spidi yako yote nikupayo na inatosha.

Kuanzia wiki ya saba hivi, kwenye mbio ndefu moja kati ya mbili, kilomita nne tano za mwisho zikimbie 5:38. Hili ni zoezi ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu unajifunza kukimbia mwendo wa mbio ukiwa umeshachoka, na ndo mahali penyewe unapokufa kila mara. Wiki nzima hesabu yake ipande polepole kutoka hizo 28 mpaka 42 au 45, sio kwa mwezi mmoja, chukua wiki kumi au kumi na mbili. Wiki mbili za mwisho unapunguza, ya kwanza kwa theluthi, ya pili nusu, mazoezi makali yanabaki mafupi mafupi tu. Usijaribu kufidia chochote wiki ya mwisho, kilichokosekana kimekosekana.

Sasa Kili. Hapa tutakosana kidogo.

Umejiandikisha Kili Marathoni na unataka PB, yaani muda wako bora kuliko yote, pale pale. Nakuomba usiifanye Kili kuwa mbio ya PB. Naipenda ile mbio sana, nimeikimbia miaka mingi na bado nikiona mlima umefunguka asubuhi bila mawingu nasisimka, lakini angalia njia yenyewe. Moshi njia inapita kati ya mita 830 na 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, wewe unatoka ufukweni ambako uko mita chache tu juu ya bahari. Nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka karibu nusu ya mbio, sio kilima kimoja ukakimaliza, ni mpando usioisha ambao macho hayauoni vizuri ila mapaja yanaujua, halafu unageuza unashuka. Watu wanadhani watafidia kwenye mteremko. Huwezi kufidia kilichopotea kwenye mpando, kwanza mteremko unapiga mapaja ya mbele vibaya sana, na wakati unashuka jua la Februari au Machi limeshatoka. Wapo wanaoshuka chini ya saa mbili pale, ndio, lakini hao kwenye tambarare wana 1:52 au 1:53.

Kwa hiyo nenda Kili, medali ipo, mashangilio ya wale watoto wa njia ya Mweka yapo, ila nenda kwa pumzi na sio kwa saa. Panda kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea, shuka kwa hatua fupi za haraka, ukiingia 2:06 ukiwa mzima nitafurahi kuliko ukiingia 2:03 ukiwa unachechemea. Halafu PB tuiwinde hapa Dar kwenye mbio za Julai au Agosti, njia ni tambarare, na alfajiri ya Julai joto linaweza kushuka mpaka nyuzi 19 au 20. Tofauti ya hali ya hewa peke yake inaweza kukupa zile dakika unazozitafuta kwa damu. Na kwa ajili ya Kili, mara moja kila wiki mbili nenda Mlimani pale chuoni, vilima vya kutosha vipo, panda dakika mbili shuka taratibu mara sita, iwe badala ya ile siku kali na sio nyongeza.

Tuje kwenye siku yenyewe, ambayo kwa kweli ndo iliyonifanya nikuandikie kirefu hivi, maana unaweza kufanya mazoezi yote hayo halafu ukayamwaga ndani ya dakika 27 za kwanza kama ulivyofanya mwaka huu.

Mpango wako ni huu, uandike kwa kalamu mkononi. Tano za kwanza 28:40. Kumi kwa 56:50. Kumi na tano kwa 1:25:00. Ishirini kwa 1:53:10. Kilomita moja na mita 97 zilizobaki ukizipiga kwa dakika sita na sekunde kumi unaingia 1:59:20. Angalia vizuri hiyo namba ya kumi: 56:50. Ni dakika mbili na nusu nyuma ya ulivyopita mbio iliyopita. Utapita pale unaona umechelewa, utaona watu unaowajua wako mbele, kuna mtu wa ofisini kwenu atakupita anakusalimia kwa raha zake, na moyo utakwambia ongeza. Usiongeze. Ile mbio iliyopita kilomita ya 15 uliipita 1:24:00, safari hii 1:25:00, yaani bado uko nyuma ya nafsi yako kwa dakika nzima! Na ishirini utaipita ukiwa mbele kwa dakika nne. Zote unazipata kati ya 15 na 20, pale wengine wanapotembea.

Najua kwa nini ni ngumu kwetu. Sisi Watanzania tumelelewa na habari ya Filbert Bayi, Christchurch mwaka 1974, michezo ya Jumuiya ya Madola, anatoka mbele tangu mwanzo, hawamkamati, 3:32.16, rekodi ya dunia ya mita 1,500. Ni habari tamu na ni ya kweli na kila Mtanzania anayevaa raba ana haki ya kujivunia. Lakini ile ni mbio ya chini ya dakika nne, akiba ya wanga haina muda wa kuisha. Ukitaka mfano wa mbio ndefu mchukue Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025. Joto na unyevu kama wa kwetu, yeye katulia ndani ya kundi, hajitokezi, wanaingia uwanjani yuko nyuma ya yule Mjerumani Amanal Petros, na akamkuta kwenye utepe. Wote wawili wameandikiwa 2:09:48, tofauti yao sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Niliiangalia nimesimama sebuleni, wanangu wanadhani nimepatwa na kitu. Angekuwa ametumia nguvu kidogo tu za kujionyesha kilomita ya tano, zile sehemu tatu za mia za sekunde zingetoka wapi?

Halafu kuna jambo la saa ya mkononi. Saa yako ya GPS siku ya mbio itakuonyesha kilomita 21.2 au 21.3, na watu wanalalamika njia imezidishwa. Mara nyingi haijazidishwa. Njia iliyopimwa rasmi inapimwa kwenye mstari mfupi kuliko yote, kona inakatwa karibu kabisa na ukingo, wewe unakimbia katikati, unazunguka watu, unavuka kwenda kwenye meza ya maji upande wa pili. Kwa hiyo ukiweka saa 5:41 ukaifuata kwa uaminifu utaingia 2:00:50 na utalia. Ndo maana nimekuwekea mwendo wa 5:37 au 5:38 baada ya tano za kwanza. Fuata vibao vya kilomita vya barabarani kama vipo, kona zikate kwa ndani, na usianze nyuma kabisa ya kundi kiasi cha kusukumana na wanaotembea. Kama mbio ina chipu, kile kifaa kidogo cha kupimia muda unachokimbia nacho, muda wako unaanza ukivuka mstari, sio bunduki ikilia, usiwe na papara.

Chakula. Usiku wa kuamkia mbio kula wali wa kawaida na kitu chepesi, pilau la mafuta na nyama choma subiri jioni yake. Kama mbio inaanza saa kumi na mbili, saa tisa na nusu uwe umekula mkate mweupe na asali, ndizi mbivu, chai. Maharage hapana, chapati hapana. Njiani unahitaji gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa. Jeli moja ina 20 mpaka 30, chagua zile za 30, chukua moja dakika ya 40 na nyingine dakika ya 75, pamoja na maji, kabla hujasikia njaa, maana ukishaisikia umechelewa. Kama bei ya jeli inakuumiza, tende nne tano za kawaida zinakaribia jeli moja, toa kokwe, funga kwenye kimfuko. Ila chochote utakachotumia kijaribu kwanza kwenye mbio ndefu za mazoezi, tumbo lina maoni yake. Maji kunywa ukisikia kiu, usijaze tumbo maji matupu kila meza kwa hofu, kunywa kupita kiasi nako kunashusha chumvi kwenye damu na ni hatari ya kweli. Kwenye mbio ndefu za joto pakiti ya ORS ukifika nyumbani inasaidia sana na ipo kila duka la dawa.

Kuna mambo mawili ya afya ambayo sitaki uyapitie juu juu. La kwanza, dawa za maumivu. Nimeona watu asubuhi ya mbio wanagawiana diklofenaki kama peremende ili wasisikie goti. Usimeze. Dawa hizo zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo, na wewe unakwenda kupoteza maji kwa saa mbili kwenye joto, figo zinabanwa pande zote mbili. Goti linalohitaji dawa ili likimbie halitakiwi kukimbia siku hiyo. La pili, umetaja kwa kupita kwamba miezi mingine unajisikia mchovu hata kupanda ngazi za ofisini. Dada, kapime wingi wa damu, na ukifika mwambie daktari unakimbia akuangalizie na akiba ya madini chuma. Wanawake wanaokimbia wako kwenye hatari zaidi ya kupungukiwa chuma kwa sababu ya hedhi, na chuma kikiwa kidogo hakuna programu ya kocha yeyote itakayofanya kazi, utabana utabana na muda hautashuka. Usijinunulie vidonge kabla ya kipimo. Nimeshawahi kukaa miezi minne nambadilishia dada mmoja mazoezi kila wiki kumbe tatizo ni damu, na bado roho inaniuma kwamba sikumpeleka mapema.

Raba, kwa kifupi. Sio lazima zile za bei ya kodi ya nyumba. Mtumba wa soko la Karume sio mbaya lakini bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo pembeni ujue imeshakufa hata kama juu inang'aa. Zikimbilie angalau mbio ndefu mbili kabla ya siku yenyewe.

Sasa fanya hivi. Wiki hii usibadilishe kitu kingine chochote, punguza tu mwendo wa siku tatu kati ya nne, na wikiendi piga 13 kwa mwendo wa mchakamchaka, uone kama kweli unaweza kujizuia, kwa sababu hilo litakusumbua kuliko kilima chochote cha Mweka. Kapime damu. Wiki ya sita kimbia kilomita 10 kwa nguvu, tano za kwanza ukijibana, tano za pili ukiachia, halafu niandikie muda wako wa kila kilomita na sio ule wa mwisho peke yake. Kama tano za pili ni nyepesi kuliko za kwanza, hata kwa sekunde tano tu, Julai nitakuja kusimama kilomita ya 16 na chupa ya maji nikusubiri.